Kumsimulia Madam Mto Rhône

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba naenda Ufaransa kupanda meli ya mtoni, aliniuliza swali moja tu: "Hiyo meli inawapeleka wapi?"

Nikamwambia haitupeleki popote. Tungeshuka na mto polepole kwa siku saba, tukiangalia miji na mashamba, kisha turudi Dubai nilikofanya kazi. Kwetu ni Budalangi, nyuma ya tuta la mto Nzoia, na sisi mto hatuuangalii, tunauchunga. Baba alijenga nyumba mara tatu mahali pale pale, na mara mbili maji yaliichukua.

"Haya," mama akasema, "kama kuna watu wanaosafiri kwenda kuangalia maji yakipita, nenda ukawaone."

Wakati huo nilikuwa nimemtunza madam, mwajiri wangu, kwa miaka minne, katika nyumba ya ghorofa huko Jumeirah Village Circle. Alikuwa mjane wa Kilebanoni, amepita miaka themanini, na alikuwa amefundisha Kifaransa Dubai hadi alipostaafu. Macho yake yalikuwa yakifa kuanzia katikati. Akikutazama usoni hakuoni, ila huona sikio lako, bega lako, na mlango ulio nyuma yako; vya mbali zaidi vilikuwa ukungu tu kwake. Daktari alimwambia kwamba huko pembeni nako kungefunga kabla ya mwaka kuisha. Ndipo akaamua kurudi kwenye mto alikotembea na mumewe walipokuwa wameoana karibuni.

Binti yake, anayeishi Kanada, alipinga. Simu ilikuwa mezani, nami nilisikia yote.

"Mama, utaenda kuona nini?"

"Huyu ndiye ataona," madam akajibu, akaninyooshea kidole. Kidole kilielekea jokofu, lakini maana niliipata.

Tulipanda meli Lyon, asubuhi moja ya mwezi wa tano. Ilikuwa meli ndefu na bapa, yenye sitaha wazi juu na viti vya kujinyoosha. Abiria karibu wote walikuwa wazee. Mhudumu alinivutia kiti, akanitandikia kitambaa mapajani, nami nikainuka mara mbili kutaka kumsaidia kuondoa sahani. Mara ya pili madam alinishika mkono. "Kaa, binti. Hapa si nyumbani kwangu, ni nyumbani kwa mto."

Siku ya kwanza nilifanya kazi mbovu sana. Aliniuliza ninachoona, nikasema miti. Miti gani? Mirefu. Na nyuma ya miti? Kilima. Kilima kina nini? Mashamba. Akavuta pumzi kama mwalimu aliyerudishiwa daftari tupu.

"Khalas, imetosha," akasema. "Hata mimi kipofu najua Ufaransa kuna miti."

Niliumia, lakini alisema kweli. Katika maisha yangu sikuwahi kuombwa niangalie kitu kwa sababu tu kipo. Nilikuwa nimezoea kuangalia ili nijue: sakafu imekauka au bado, dawa imebaki ngapi, uso wa madam leo ukoje. Na mto nilijua kuuangalia kwa namna moja, kupima umepanda kiasi gani tangu jana.

Kilichonifunza ni ukuta. Mto ule umezibwa kwa mabwawa, na kwenye kila bwawa pana chumba kikubwa cha zege chenye lango mbele na nyuma. Meli huingia, lango la nyuma hufungwa, kisha maji hutolewa chini yenu na meli hushuka taratibu hadi usawa wa mto ulio mbele. Siku ya tatu tuliingia kwenye chumba kirefu kuliko vyote. Abiria wengi waliteremka kunywa kahawa, maana hapakuwa na la kutazama. Madam alibaki kitini.

"Unaona nini?"

"Ukuta, madam. Ukuta mtupu."

"Ukuta wa namna gani?"

Nilitaka kucheka, lakini nikauangalia. Nikamwambia umelowa na ni mweusi, ila juu, ambako maji yametoka kitambo, umeanza kuwa wa kijivu. Kuna ngazi ya chuma imezamishwa ndani ya zege, na kila kipago kimevaa majani ya kijani kama nywele zilizolowa. Kuna namba zimeandikwa kwa rangi nyeupe, moja chini ya nyingine, na tunazipita moja moja. Ndege mdogo amesimama ndani ya ufa na hajali kwamba sisi tunazama. Na juu kabisa, mbingu imebaki kipande chembamba kama kanga iliyoanikwa.

Lango la mbele likafunguka na jua likatupiga.

"Ahsante," akasema. "Sasa umeanza kazi."

Tangu hapo nilimsimulia kwa raha. Nilimweleza mizabibu iliyopandwa kwa mistari kwenye miteremko mikali hata nikashangaa anayeipalilia anasimamaje. Nilimweleza kulastara, ndege wa shingo ndefu, aliyesimama kwa mguu mmoja penye maji haba, na mwanamke aliyekuwa akianua nguo kwenye mashua aliyoifanya nyumba. Abiria wengine walianza kusogeza viti karibu nasi, ingawa wao walikuwa na macho yao. Nami nilijisikia hodari. Nadhani hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Siku ya tano tulifika mji mdogo ambao jina lake sikuwahi kulitamka sawasawa. Madam alikuwa ameusubiri tangu Dubai. Kando ya mto, karibu na daraja, palikuwa na hoteli yenye madirisha ya mbao ya buluu, ambamo yeye na mumewe walikaa siku nne badala ya moja kwa sababu hawakutaka kuondoka. Alinieleza mahali penyewe: shuka gatini, pita kanisa, hesabu nyumba tano.

Nilihesabu nyumba nne. Ya tano ilikuwa uwanja wa kuegesha magari.

Alinishika mkono kwa nguvu. "Ipo?"

Niliutazama uso wake, nikasema, "Ipo, madam."

"Na madirisha?"

"Ya buluu. Rangi imepauka kidogo."

"Kibaraza?"

"Kipo. Kina maua mekundu. Kuna bibi mzee anayamwagilia maji."

Alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika miaka minne. Alitaka tuingie ndani; nikasema wamefunga hadi jioni. Nilimkalisha kwenye benchi nikaenda kutafuta maji ya kunywa, na niliporudi nilimkuta akiongea Kifaransa na mzee mmoja mwenye mbwa. Mzee akaaga, tukarudi melini. Madam alisema amechoka, akalala mapema.

Asubuhi, baada ya chai, tulipanda sitahani. Mto ulikuwa umepanuka na upepo ulivuma kwa nguvu. Akajifunga mtandio.

"Yule bibi yako wa jana," akasema, "alivaa nguo gani?"

"Gauni la kijivu, madam."

"Na kwa nini alikuwa akimwagilia maji magari ya watu?"

Nikamkumbuka yule mzee mwenye mbwa. Nikaomba radhi, nikasema sikutaka aumie.

"Hilo najua," akasema. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Wa kunionea huruma ninao wengi. Binti yangu, majirani, hata daktari. Wewe nilikuleta uone. Ukianza kunidanganya, basi mimi ni kipofu kweli." Kisha akaongeza, "Yalla. Nieleze. Palikuwaje?"

Basi nikamweleza, huku nikijilazimisha kukumbuka kila kitu. Palikuwa na magari kama kumi, mengi madogo, na gari moja la fundi bomba lenye ngazi juu. Palikuwa na mche mmoja uliofungwa kwenye mti mkavu usianguke. Lami ilikuwa mpya. Na upande wa kushoto, kwenye ukuta wa nyumba ya jirani ulioachwa wazi, palikuwa na alama za jengo lililobomolewa.

"Alama gani?"

"Ngazi, madam. Ngazi yenyewe haipo, lakini mchoro wake umebaki ukutani, unapanda hivi na kukata kona. Na kila ghorofa imeacha rangi yake. Ya chini nyeupe, ya pili kijani. Juu, ghorofa ya tatu, kuna kipande cha karatasi ya ukutani, upana wa kitanda hivi. Ya njano. Ina vijitawi."

Akageuza uso kuelekea majini. Nilidhani nimemuumiza tena.

"Vijitawi vya mzeituni," akasema. "Mume wangu alivihesabu vyote asubuhi moja, nikamwambia ana wazimu. Hicho ndicho chumba chetu." Akatoa leso. "Kipo bado, binti. Kiko nje kwenye jua, na wewe ulikiona ukaninyima."

Alilia, nami nikalia, na mwanamume mmoja wa meza ya jirani akatuletea glasi za maji bila kuuliza kitu.

Nikafikiri sana siku ile. Kwetu, maji yakiondoka na nyumba, hayaachi ukuta wa jirani. Jirani naye huenda. Lakini nilikumbuka kwamba kila baada ya mafuriko baba alikuwa akisimama kwenye matope na kutuonyesha: hapa palikuwa mlango, hapa jiko, hapa mlilala ninyi. Nilikuwa nikidhani anajitesa. Nilimsimulia madam hayo, naye akaniuliza maswali mengi juu ya nyumba zile tatu, mpaka ukubwa wa madirisha, hata mimi nikaziona upya.

Na kwa kuwa sasa tulikuwa tumekubaliana kusema kweli, siku ya mwisho, meli ikikaribia Arles, nikamwambia jambo nililolificha tangu Dubai. Nilikuwa nimeomba kazi ya msaidizi wa wauguzi hospitalini, na walikuwa wameniita. Nilipanga kumwambia tukirudi, au pengine nimwachie binti yake amwambie.

Hakuongea nami hadi tulipofika uwanja wa ndege. Ndani ya ndege aliniomba nimfungulie pakiti ya biskuti. Nyumbani, kwa siku mbili, alizungumza zaidi na jokofu kuliko nami.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, aliniita sebuleni na kuniambia nilete kompyuta. "Hospitali watataka barua kutoka kwa mwajiri. Mimi sioni kuandika. Andika wewe, mimi nitasema."

Nikaketi nikaandika sifa zangu mwenyewe: anafika kwa wakati, ana mikono myepesi, ni mpole.

"Andika: ni mtu mkweli," akasema. Kisha, kabla sijamaliza neno, "Ngoja. Futa. Andika: amejifunza kusema kweli hata inapomgharimu."

"Madam, hospitali hawataelewa."

"Wataelewa. Wana wagonjwa wanaodanganywa kila siku."

Nikaandika kama alivyosema. Nikachapisha, nikamsomea yote kutoka juu hadi chini, akasahihisha kosa moja la sarufi. Kisha nikamshika kidole, nikakiweka pale pa kutia sahihi, naye akatia.