Kipoyi cha Bwana Sinema

Siku ile ya kijiji cha Wamaza naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa. Nimesikia sinema yako imepigiwa makofi hapa Kasongo mpaka Salamabila, na nimesikia pia kwamba siku hizi ukipita njiani unasubiri usalimiwe wewe kwanza. La makofi limenifurahisha. La pili limeninyima usingizi. Basi kaa hapo, zima hiyo simu, unisikilize. Sisemi nawe kama mwenye hekima. Hekima ingekuwa yangu, nisingekuwa na habari hii ya kukupa.

Enzi za Wabelgiji nilikuwa kijana wa misheni, naosha picha za padri mmoja aliyependa kamera kuliko chakula. Kamera yenyewe ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, wala haikushika sauti hata kidogo. Padri alipougua miguu akanikabidhi, akasema nijaribu. Nikajaribu. Nilitunga kichekesho: mume mroho anamficha mgeni kuku, mke wake anamzidi akili. Mume alicheza jirani yetu. Mke alicheza Zaina, binti wa Wamaza aliyeolewa huku Kasongo. Ee, Zaina! Alikuwa na cheko linaloanzia upande mmoja wa mdomo, na wewe unajikuta unacheka kabla hujajua sababu.

Filamu ikapelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi baada ya miezi mingi. Tukaionyesha uwanjani kwa misheni, kwa mashine inayotupa picha kwenye kitambaa cheupe. Mwanangu, watu walicheka mpaka ua wa matete ukaanguka! Wakaniita Bwana Sinema. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ndevu zenyewe bado za kuhesabu.

Lakini picha zilikuwa bubu, na aliyezitia ulimi alikuwa Mujomba Musafiri, kaka wa mama yangu. Alisimama kando ya kitambaa na fimbo yake, akawasemea wote: mume, mke, hata kuku. Na kazi yake haikuanzia hapo. Kila kijiji tulichokwenda, yeye alitangulia siku moja kabla. Alikaa na wazee, akanywa maji yao, akauliza nani amezaa, nani amekufa, nani amegombana na nani. Kisha akawaeleza sinema ni nini: ni kivuli cha mtu kilichoshikwa kwenye utepe, si mtu, si mzimu. Alipokuta matanga, hatukuonyesha kitu. Tulitoa pole, tukapita. Mimi niliona ni uzee tu, kupoteza siku bure.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nililitia mto mzima. Nilitafuta kofia ngumu ya kizungu, nikaanza kula peke yangu. Nikawa nasema mbele za watu kwamba kicheko chote kimetoka mkononi mwangu, na Mujomba anaziharibu picha kwa maneno mengi. Shefu wa Wamaza, mkuu wa kijiji, alipotuita, nikamwambia Mujomba abaki nyumbani. Nilimwambia nimesimama, yeye amekaa. Adabu ilikuwa imeshanitoka.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mupwa wangu," akasema, "kunibakiza si kitu. Lakini usifungue mashine mbele ya watu wenye haujasalimia. Tuma hata mutu moja atangulie. Aulize kama kuko matanga."

"Mujomba, hiyo ni mambo ya zamani."

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miye nitaomba tu guu likuwe lako, lisikuwe la mwingine."

Nilicheka. Nilikwenda nikiyarudia maneno yake kwa wenzangu, nikiiga sauti yake.

Lori ya misheni ikatufikisha Kabambare. Kutoka hapo ilikuwa miguu, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo nikilitaja natamani ardhi inimeze. Nilidai kipoyi. Wewe hukukiona kipoyi. Ni kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, watu wanne wanakibeba mabegani, wewe umekaa juu huko kama yai. Wazungu wenyewe walikuwa wameanza kukiacha. Mimi, mjukuu wa wakulima wa mpunga, nikakipanda kwenda kwenye nchi ya watu wanaomjua mama yangu, na nyuma yangu wengine wanavunjika migongo kwa mashine na mota ya kuipa umeme.

Njiani kapita, msimamizi wa wabebaji, mtu mzima mwenye mvi, akasogea kando ya kiti. "Bwana, kule tunaenda kuko matanga..."

Nikamkata. Nilimwambia, Mungu anisamehe, "Kazi yako ni kubeba, si kusema."

Akarudi mbele kwa wenzake. Mpaka Wamaza sikusikia ila pumzi zao. Neno moja tu ningeuliza, mwanangu, neno moja: matanga ya nani? Halikunitoka kinywani.

Tulifika mchana. Sikubisha hodi nyumba hata moja. Niliamuru madirisha ya ghala ya pamba yazibwe kwa mikeka, giza likaingia, watu wakajaa mpaka kwenye mlango. Shefu alikuwa ameamuru waje wote. Wanawake wakamleta katikati yao mama mmoja aliyenyoa kichwa, wakitumaini atacheka kidogo, asahau. Walimwita Mama Zaina.

Ndiyo. Yule Zaina wetu. Alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, kama desturi yetu ilivyo, akafa yeye na mtoto tumboni. Hata wiki mbili zilikuwa hazijatimia, na habari ilikuwa bado njiani kwenda Kasongo. Watu wa Wamaza nao hawakujua ndani ya sinema mna nani. Nani angewaambia? Wa kuwaambia nilikuwa nimemwacha nyumbani.

Nikawasha mashine. Zaina akatoka mlangoni na ungo mkononi, akawatazama watu wote, akacheka.

Mama akainuka. Hakupiga kelele. Aliita tu, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe aje kula: "Zaina? Zaina, ulikuwa wapi?"

Zaina akacheka tena, akageuka, akaingia ndani. Mama akamfuata. Alikikumbatia kitambaa kikamwangukia, na picha zikaendelea kukimbia ukutani na mgongoni mwake. Watu wakaanza kulia na kukanyagana mlangoni. Mujomba angekuwapo, angesema neno, wangemsikia. Mimi nilifanya nini? Nilikumbatia mashine. Ndiyo, mashine! Nilihofia isije ikakanyagwa, na mama wa watu yuko chini anapapasa kitambaa.

Hakuna aliyenipiga, ingawa nilistahili kupigwa. Yule kapita peke yake alinijia, akasema taratibu, "Bwana, nilitaka kukuambia ni matanga ya nani." Akaondoka na wenzake.

Padri alichukua kamera yake, wala sikumlaumu. Mujomba, kwa miguu yake ya uzee, alikwenda Wamaza akakaa na yule mama siku nyingi, akimweleza kivuli na utepe. Maji yakimwagika hayazoleki. Alirudi amekonda. "Anasikia," akaniambia, "lakini moyo wake hapana. Anasema weye ndiye uko na mutoto wake."

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, mama akaja mwenyewe Kasongo. Nilikuwa nafagia uwanja wa misheni, kazi niliyobakiwa nayo. Nikaona mwanamke mwembamba, nyayo zimepasuka, kifurushi kichwani, kuku mkononi amefungwa miguu. Nikadhani amekuja kunilaani. Nilitamani anilaani. Yeye akapiga goti kunisalimia, mimi niliyeweza kuwa mwanawe, akafungua kifurushi. Kilikuwa mchele.

"Baba," akasema, "sikuje kwa matata. Najua mutoto hawezi kutoka mule ndani. Wamenielezea, nimekubali. Nakuomba kitu kimoja tu. Uniingize na miye."

Nikamwambia sina tena kamera. Hakuamini; alidhani mchele haukutosha. Akavua ushanga wa shingoni, akauweka juu ya mchele, akanitazama. Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Alikaa siku tatu mlangoni petu akingoja, mpaka ndugu zake walipokuja kumchukua. Alikufa kabla mvua hazijaanza.

Watu hunifariji eti kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwangu ulikuwa mwisho. Mujomba alinisamehe, na msamaha wake sikujua niuweke wapi, maana mwenye kunisamehe hasa alikuwa chini ya udongo. Nimeoa, nimezaa, nimezeeka. Kicheko cha watu wengi wakiwa pamoja mpaka leo kinanitia baridi.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sifa zikikujia ghafla, usizipande. Mtu anayetangulia kusalimia watu kwa niaba yako ni nusu ya kazi yako, labda ni zaidi ya nusu, usimwache nyumbani. Anayekubebea mzigo akisema kuna neno, shuka, simama naye ana kwa ana, msikilize mpaka amalize. Kila sura unayoishika ni ya mwana wa mtu. Kabla hujaifungua mbele ya watu, uliza kwanza nani analia. Usiseme utauliza kesho. Mimi kesho yangu nimeingoja tangu ujana, haijafika.

Nenda sasa. Mungu akupe masikio makubwa kuliko jina lako. Akulinde na watu wanaokusifu, na akulinde zaidi na nafsi yako. Na mama za watu wote utakaowapiga picha, asije hata mmoja wao kukupigia hodi na mchele na kuku. Amina, mwanangu. Amina.