Injini Juu ya Chuma cha Plau

Jana fundi mmoja hapa Tawa alikuwa anaosha injini kwa petroli, na ile harufu ikanirudisha kwetu Matinyani, nikiwa msichana mdogo nimechuchumaa kando ya baba.

Pikipiki yake ya barabara ilikuwa imekufa injini. Akapata injini ya pikipiki ya kupanda milima, nzima kabisa, lakini ikakataa kukaa kwenye fremu. Basi akachukua plau ya ng'ombe wetu wawili, ambao majina yao bado nayajua, akaikata kwa msumeno atengeneze vishikizo vya kuishika injini. Chuma kililia mpaka meno yakaniuma.

Mama akatoka jikoni na unga mikononi. "Baba watoto, hiyo si plau?"

"Ni plau."

"Na mvua iko karibu! Ng'ombe watavuta nini, shati lako?"

Mimi nikacheka. Baba hakucheka. "Nitatuma nyingine kutoka Mombasa."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba anaenda Mombasa. Ya mama pia. Nilimwona akipangusa mikono kwa leso, polepole, hata baada ya unga kuisha.

Alipomaliza kuifunga, injini ikashika kwa teke moja, kuku wakatawanyika. Baba akanigusa kichwa kwa mkono wenye mafuta, akapanda, akaenda.

Mvua ilipokuja tulilima kwa jembe, mama mstari wake, mimi wangu. Pikipiki yoyote ikipita barabarani, mama alisimama wima akasikiliza, kisha akainama tena.