Msichana wa Jengoni Kwetu

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa lile. Kabla ya usaili nilikwenda maktaba ya mtaani kwetu, nikaazima kitabu cha kupikia watu wengi na kingine cha usalama wa chakula, nikavisoma vyote viwili na kujifunza majibu kwa sauti nikiwa naosha vyombo. Karibu kila ninachokijua nimekipata hivyo. Shule niliiachia kidato cha pili, Morogoro, na tangu hapo nimejifundisha mwenyewe, polepole na kwa mpangilio: kwanza kamusi, kisha sarufi, kisha kitabu chenyewe.

Kazi ilikuwa ya mama wa nyumba katika tawi moja la udugu wa wasichana wa chuo hapa Toronto. Kwa asiyejua, hicho ni chama cha wanafunzi wa kike. Huapishwa, huitana dada, wana nyimbo zao na siri zao ndogondogo, na baadhi yao hukaa pamoja katika nyumba ya matofali yenye herufi tatu za Kigiriki juu ya mlango. Mama wa nyumba hupika, hutunza nyumba, na hulala humo humo, kwenye chumba kilicho nyuma ya jiko. Wanaoajiri ni kamati ya wale waliomaliza chuo zamani. Mwenyekiti wake, mama mmoja mwanasheria mwenye sauti ya chini, alinisikiliza vizuri, akafunga faili lake, kisha akaniuliza kama kuna mtu yeyote nyumbani anayenihitaji.

Nikasema hapana.

Jibu lile nililipima kabla ya kulitoa. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tisa, mtu mzima kisheria. Alikaa na mdogo wangu kwenye fleti yetu Crescent Town, akisomea kazi za maabara ya hospitali, akijipikia na kujifulia. Neno "anayenihitaji" nililigeuza huku na huku nikaona halimgusi. Viwandani na kwa mawakala wa kazi nilikopita, swali la watoto lilikuwa mtego: ukisema unaye, zamu anapewa mwingine. Kwa hiyo niliamini sikudanganya, bali nilichagua neno tu. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamweleza binti yangu kuhusu kazi, na kuhusu swali lile sikumweleza.

Septemba ni mwezi wa kutafuta wanachama wapya. Kwa majuma kadhaa wasichana walifanya mazoezi ya kupokea wageni kama watu wa mchezo wa kuigiza: nani afungue mlango, nani aanze wimbo, nani amshike mgeni mkono kabla hajaona kwamba mwenyeji wake wa kwanza ameondoka. Nilikaanga vitumbua kwa siri siku moja vikaisha kabla wageni hawajafika. Miongoni mwa wapya waliochaguliwa alikuwamo msichana kutoka Nakuru aliyekuja Kanada na koti jepesi la kuzugia baridi tu. Siku aliponisikia nikiisemesha sufuria kwa Kiswahili, aliangusha begi mlangoni.

"Wee! Mathee, kumbe wewe ni wetu?"

"Inategemea wetu ni nani."

"Aki si ungesema! Nimekula makaroni hapa wiki mbili nikilia ndani ya roho."

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja jikoni kila jioni. Nilimpikia chai ya tangawizi naye akaniambia habari za darasa, za baridi, za mama yake anayeuza viatu Nakuru. Tulicheka. Binti yangu nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, na mara nyingi neno moja. Nilimzoea yule wa Nakuru kwa sababu alinijibu. Naliandika hili kwa kuwa ndilo ninalolikumbuka nikiwa peke yangu: kwamba haikuwa kazi tu iliyonishika pale.

Novemba kuna juma la dada wakubwa. Kila mwanachama mpya hupewa dada mkubwa asiyemjua, na juma zima huwekewa zawadi ndogo bila jina, soksi, peremende, kikombe, mpaka siku ya mwisho dada huyo anapojitokeza na wote wawili wanalia. Mimi ndiye niliyekuwa mpelekaji, kwa sababu sikuwa upande wowote. Binti yangu alinipigia simu nikiwa ngazini na kikapu mkononi. Nilimwambia nitakupigia. Sikupiga. Siku iliyofuata mdogo wangu ndiye aliyeniambia kwamba mtoto alikuwa amefaulu mtihani mgumu kuliko yote ya muhula.

"Dada, hongera," alisema. "Unalea watoto wa watu, wako analelewa na maikrowevu."

"Ni mtu mzima."

"Haya. Mtu mzima kakusalimia."

Siku za kuzaliwa za wasichana wote nilizijua kwa kichwa, na kila mmoja nilimwokea keki. Ya binti yangu huangukia Desemba, na mwaka huo iliangukia siku moja baada ya ile ya mmoja wa wasichana wa nyumba. Ilibaki nusu nzuri ya keki ya chokoleti. Nilikwangua jina kwa kisu cha mkate, nikalainisha krimu kwa mgongo wa kijiko, nikaifunga vizuri na kumpa mdogo wangu aliyepita kuichukua. Nilijiambia chakula kizuri hakitupwi. Binti yangu alinitumia ujumbe wa shukrani, na mimi niliona hilo limeisha.

Kisha ikaja Februari. Theluji ilikuwa imefunika ngazi za mlango wa nyuma. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni tukipanga chakula cha Jumapili ya wazazi, na yule wa Nakuru alikuwa ananisaidia kumenya viazi. Mlango ukagongwa. Alikuwa binti yangu, theluji mabegani, amekumbatia hotpoti iliyofungwa kwa kanga. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa na mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Mdogo wangu alikuwa amepika pilau, na mtoto ameileta kwa treni na kwa miguu.

Mwenyekiti alitabasamu, akaniuliza kwa Kiingereza kama huyu ni wa familia.

Nilikumbuka usaili. Nilikumbuka neno langu nilivyolichagua. Nikasema, nami kwa Kiingereza, "Ni msichana wa jengoni kwetu."

Hata hilo lilikuwa kweli. Anakaa jengoni kwetu.

Binti yangu aliweka hotpoti mezani. Alinitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama nilivyohangaika kumfundisha tangu ana miaka minne na akakataa, kwa sababu nyumbani kwetu yeye husema "Hai, Ma" na hatoki hapo.

"Shikamoo, mama," alisema. Kiswahili safi, kila silabi mahali pake. Ndivyo kijana wa kwetu anavyomwamkia mama yeyote aliyemzidi umri, awe amekutana naye sokoni au kwenye lifti.

"Marahaba," nikasema. Mdomo uliitika kabla yangu.

Akatoka. Yule wa Nakuru alimtazama dirishani mpaka alipopotea kwenye kichochoro.

"Wabongo na shikamoo zenu," alisema. "Lakini huyo dem ana heshima. Mtoto wa nani?"

"Menya viazi," nikamwambia.

Pilau ile niliila peke yangu chumbani. Ilikuwa bado ya moto.

Baada ya hapo binti yangu hakuacha kupokea simu zangu. Ingekuwa afadhali. Alipokea kila mara, akasema "Shikamoo", akangoja niitikie, na nilipoitikia hakuwa na kitu kingine cha kusema. Nikiuliza habari za masomo, alijibu nzuri. Za afya, nzuri. Alikuwa ananipa adabu yote niliyowahi kumdai na hakuna zaidi ya adabu. Mwezi Machi mdogo wangu akaniambia kwamba mtoto amepata nafasi ya mafunzo ya kazi katika maabara huko Edmonton, na ataondoka mara tu mitihani ikiisha. Huenda akabaki huko huko.

"Amekueleza?" mdogo wangu aliuliza.

"Hajanieleza."

"Basi asikuondokee hivyo, dada. Mtu akiondoka na kitu moyoni, umbali hukikomaza."

Nilijua alichosema ni kweli, na bado sikwenda. Nilikuwa na sababu kila juma. Nilitafuta maneno ya kumwambia kama ninavyotafuta maneno yote, kwa mpangilio, na kila nilipoyapanga yalianza na "Kisheria".

Mwisho wa Aprili tawi huwaaga wanaomaliza. Wana desturi moja nzuri. Mapazia hushushwa, wote husimama duara sebuleni, na mshumaa mmoja wenye utepe hupitishwa mkono kwa mkono huku wakiimba taratibu. Mwenye habari kubwa ya maisha yake huuzima mshumaa ukimfikia, na akishauzima lazima aseme. Kwa kawaida ni uchumba au kazi. Mwaka huo waliniomba na mimi nisimame nao, jambo ambalo waliniambia mama wa nyumba hajawahi kuombwa. Kanuni za nyumba nilikuwa nimezisoma tangu juma la kwanza, kwa hiyo hakuna awezaye kusema sikujua maana ya kuuzima.

Mshumaa ulizunguka mara moja. Ulizunguka tena. Yule wa Nakuru alinipa, nta ikanidondokea kidoleni, nikaupuliza.

Gizani mtu alicheka. "Mama anaolewa!" mwingine akapiga kelele, na duara zima likaangua kicheko.

Nikangoja kikapungua. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nina binti. Kwamba alikuja humu Februari kwa mlango wa jikoni, akiniletea chakula cha siku yangu ya kuzaliwa, nami nikasema ni msichana wa jengoni kwetu.

Wakapiga makofi.

Desturi ndivyo inavyotaka: habari ikitolewa, dada wote hupiga makofi, iwe habari gani. Baadhi walikuwa wanalia. Walikuja kunikumbatia mmoja mmoja, wakaniambia mimi ni jasiri, na nilisimama katikati ya mikono yao nikiona aibu ambayo hata Februari sikuiona. Aliyekosewa alikuwa upande mwingine wa mji, anafunga mizigo.

Mwenyekiti alinifuata jikoni. Nilidhani kazi imekwisha. Alikaa kwenye kiti kile kile.

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?" aliuliza. "Tuliuliza ili tujue tukupe siku zipi za kwenda nyumbani."

Miezi yote hiyo nilikuwa nimelinda kitu ambacho hakuna aliyetaka kuninyang'anya.

Alipoondoka, yule wa Nakuru aliingia kuweka vikombe. Yeye peke yake hakuwa amenikumbatia.

"Mathee, usikasirike," alisema. "Umeambia kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe."

"Najua."

"Sasa unaosha vikombe vya nini?"

Asubuhi yake nilishuka kituo cha Victoria Park, nikavuka daraja la watembea kwa miguu hadi kwenye majengo yetu. Mdogo wangu alinifungulia na kushika kiuno. "Leo kuna msiba?"

Binti yangu alitoka chumbani na fulana mkononi. "Shikamoo," alisema.

Nilinyamaza.

"Mtoto kakuamkia!" mdogo wangu alisema.

"Nimesikia. Siwezi kuitikia."

Kwetu kutoitikia shikamoo ni tusi, na niliona uso wa mtoto ukibadilika. Nikamwambia haraka, kabla sijapanga chochote: kuhusu usaili, kuhusu neno nililolichagua, kuhusu Februari, na kuhusu mshumaa.

Aliuliza kwa Kiingereza, "Ulisema mbele ya wote?"

"Ndiyo."

"Wakafanyaje?"

"Walipiga makofi."

Akacheka mara moja, kicheko kibaya. "Walipiga makofi," alirudia, kwa Kiswahili. Kisha akauliza, "Na ile keki ilikuwa ya nani?"

Nilikuwa nimetumaini hakuona. Nikamtajia jina la msichana yule.

"Najua," alisema. "Lilisomeka."

Alirudi kukunja nguo. Nikakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kukunja soksi. Hakunizuia, wala hakunikaribisha. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika soksi mbili zisizofanana. Akazichukua mkononi mwangu, akaitafutia kila moja mwenzake.

Juma lile aliondoka. Ruhusa ya kumsindikiza nilipewa papo hapo, bila kuulizwa kwa nini, na wepesi ule uliniuma. Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili ulikuwa na begi.

Simu yake ya kwanza kutoka Edmonton niliitazama ikilia kabla ya kuipokea. Niliogopa salamu.

"Hai, Ma," alisema.

Miaka yote nilikuwa nikimkemea kwa salamu hiyo. "Hai," nikasema. Tukaongea kuhusu mwenye nyumba wake na mbu wa huko.

Kamati imeniomba nibaki mwaka mwingine. Mwenyekiti aliuliza tena kama kuna anayenihitaji nyumbani, nikasema ndiyo, Jumapili. Ndiyo siku binti yangu anayopiga simu, akipiga. Jumapili mbili zilizopita hakupiga. Nilikaa Crescent Town kutwa nzima, simu mezani, na mdogo wangu alipouliza ninangoja nini nikamwambia ukweli.