Mrehani wa Bi Zuhura

Sikwenda mjini kutembea. Nilikwenda kumwona mke mwenzangu aliyekwisha kufa, na msinicheke. Kila Alhamisi mume wangu, Khamis, aliondoka hapa Kizimkazi na fungu la mrehani nilioupanda mimi, akisema anakwenda kulizuru kaburi la marehemu mkewe, Bi Zuhura. Mimi hajaniletea hata kikuba kimoja cha kubandika kifuani. Wivu ulinikaba, nikaona heri nilione hilo kaburi lenyewe.

Jumatatu alfajiri nilipanda gari la mjini. Nilimuaga Khamis kwamba nakwenda kupanga foleni ya mchele. Mwaka ule mchele ulikuwa adimu, hakuna aliyelishangaa neno hilo. Njia nzima nilikuwa nikigombana na maiti.

Saa nne nilifika makaburi ya zamani, nyuma ya nyumba za mawe. Mtunzaji wa pale, Mzee Makame, alikuwa akifyeka majani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamtafuta nani?"

Nilipomtajia, alinipitisha kwanza kwa wakubwa wake waliolala pale: kadhi chini ya kuba la chokaa, kisha nahodha wa Kihadhrami aliyefia bandarini. Akasimama penye kaburi pana la bibi mmoja.

"Hapa palikuwa shamba lake, akapaweka wakfu. Alishurutisha alale ubavuni mwa mumewe, na mke mwenziwe azikwe kule ukutani."

"Na mume yuko wapi?"

"Kafia Bombay. Wake wote wawili wapo hapa, yeye hayupo."

Nilicheka. Moyoni nilimpa haki yule bibi.

Kaburi la Bi Zuhura lilikuwa limemezwa na magugu. Nilitafuta mrehani, sikuona hata jani kavu.

"Mumewe si huja kila Alhamisi?" niliuliza.

"Mume gani? Tangu arubaini yake sijamwona mtu hapa."

Mrehani wangu ulikuwa ukienda kwa mwanamke aliye hai. Miaka yote nimemwonea wivu Bi Zuhura, naye hakuninyang'anya kitu, tumenyimwa sote. Niliyang'oa magugu kwa mikono yangu, nikamwagia kaburi maji.

Magharibi nilirudi nyumbani bila mchele, nikasema umekwisha kabla zamu yangu haijafika.

Alhamisi Khamis alitoka uani na kisu chake cha kukatia mrehani, akanikuta nimevaa buibui, shina zima la mrehani limo kapuni.

"Wendapi?"

"Kwa Bi Zuhura. Nataka tukaupande pale pale kaburini, usipate tabu ya kuuchukua kila wiki. Tangulia, bwana. Njia unaijua wewe."

Alikaa kitako barazani, na kisu chake mkononi.