Mtaa Uliofaulu Kulala

Mwalimu Sekela alistaafu, ila ualimu wake ulikataa kustaafu. Pale Manzese, nyuma ya barabara ya Morogoro, ambako alikuwa mjumbe wa shina, wanaume wenye ndevu walificha sigara mgongoni walipomwona anakuja. Alikuwa mwanamke wa Rungwe, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kufika hadi dawati la nyuma. Katika miaka yote ya kufundisha alijijengea sifa moja kubwa kuliko nyingine: wakaguzi wakija, shule yake haikuaibika. Alijua mtoto yupi akae mbele, na yupi atumwe kuchota maji mpaka wageni waondoke. Hakuwahi kuuita udanganyifu. Aliuita maandalizi.

Mumewe, Mzee Benedikto, aliyekuwa karani wa reli, alikuwa ameanza kupotewa na vitu. Kwanza miwani, kisha majina ya watu, kisha Jumapili moja akatoka kanisani akaingia nyumba ya jirani, akavua viatu, akaketi kusubiri chai. Jirani alimpa chai, tena na kitumbua, kwa sababu Manzese mgeni hafukuzwi hata akiwa amekosea mlango. Lakini Sekela alipokwenda kumchukua alimshika mkono njia nzima, na tangu siku hiyo hofu ikahamia kwake kama mpangaji asiyetaka kutoka.

Usiku mzee alikuwa halali usingizi. Ukuta kwa ukuta na chumba chao ilikuwapo karakana ya Fundi Stanley, mtengeneza mageti. Mchana umeme ulikuja na kuondoka upendavyo. Usiku ulitulia, na ukitulia ndipo grenda lilipoanza kukata chuma, likilia kama mbuzi anayechinjwa na mtu asiye na haraka. Mageti yenyewe yalikuwa mazuri, ya ncha za mikuki na vichwa vya simba, na karibu yote yalikwenda Boko, kwa wenye nacho. Huko yalifungwa kwenye kuta ndefu ili wenye nyumba walale bila wasiwasi. Ndivyo jiji lilivyogawana usiku: Boko walale ndani ya geti, Manzese wakeshe kulitengeneza.

Sekela alikwenda kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Mwalimu wangu," mwenyekiti alimwambia, "Stanley kaajiri vijana wetu. Una ushahidi gani kwamba kelele inamdhuru mtu?"

Ushahidi. Neno hilo hulipenda sana mtu anayelala mbali na grenda.

Basi alipokuja Dokta Zoya, mtafiti kijana wa mambo ya ubongo, akitafuta mtaa wa kupima usingizi, Sekela alimdaka kwa mikono miwili. Zoya alikuwa mtoto wa wafanyabiashara Wahindi wa mjini, mwenye Kiswahili safi cha dukani kwa baba yake, isipokuwa alipoanza kueleza ubongo. Hapo Kiswahili kilivaa tai. Kwenye mkutano wa kwanza alisema habari za "umajimaji unaouzunguka ubongo na kuondoa mabaki ya shughuli za seli wakati wa usingizi mzito," na watu wakamtazama kwa heshima ile ya msibani.

Sekela akasimama.

"Nisikilizeni nyie. Jumamosi ya usafi maduka yanafungwa mpaka saa ngapi?"

"Saa nne!"

"Mngeweza kusafisha uchochoro huku meza za nyanya zimejaa njiani?"

"Hapana!"

"Basi ubongo nao ni uchochoro. Mchana biashara imechanganya, hakuna pa kupita. Ukilala fofofo, meza zinaingizwa ndani, njia inapanuka, maji yanapita na kusomba taka. Usipolala wewe, taka ndizo zinazolala humo ndani."

Watu wakaguna kwa kuelewa. Zoya alitabasamu. "Ni karibu na hapo, mwalimu. Ingawa wataalamu bado wanabishana maji hayo yanapita vipi hasa, na kwa wingi gani."

"Wabishane tu, mwanangu. Sie tushaelewa."

Akaendelea kuwafafanulia. Kila nyumba itapewa kifaa kimoja, kama saa ya mkononi, kinachohisi mtu anavyojigeuza kitandani. Atakayekivaa atachaguliwa kwa kura. Asiyelala aonekane kwamba hakulala, ili wakubwa wajue grenda linatufanya nini. Yote aliyasema barabara, na laiti angeketi hapo! Lakini aliona wageni waliokuja na Zoya wanapiga picha, akaona mtaa wake umekaa kwenye viti vya plastiki kama darasa siku ya ukaguzi, na miaka yote ya ubao na chaki ikampanda kichwani.

"Na jambo la mwisho! Boko nao wanapimwa. Sitaki mtaa wangu ushike mkia!"

Walimpigia makofi kuliko walivyompigia Zoya.

Nyumbani kwake kura ilimwangukia Mzee Benedikto. Kila jioni Sekela alimfunga kifaa mkononi, na kila asubuhi alikikuta kinaning'inia kwenye msumari, pembeni ya kalenda ya kanisa.

"Baba Tumaini, mbona umekivua?"

"Saa ya watu hii. Mwenyewe akija aikute."

Vijana wa Zoya walipokuja kukusanya vifaa, Sekela alisimama mlangoni nacho kiganjani. Angeweza kusema. Lakini mjumbe aliyehubiri mtaa mzima, aanzeje kukiri kwamba kwake kilichopimwa ni ukuta? Akawakabidhi. Mmoja tu, alijiambia. Mtoto mmoja haharibu darasa.

Siku ya mrejesho turubai lilifungwa kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Stanley alikaa mstari wa mbele, mabega mapana, mikono yenye makovu ya cheche. Mzee Benedikto aliletwa na koti lake la Jumapili. Zoya alitandaza chati yake kwenye ukuta wa ofisi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani.

"Matokeo yametushangaza," alisema. "Boko watu wanahangaika, wanaamka, wanajigeuza. Manzese mmelala vizuri kuliko tulivyotarajia. Tena yupo mshiriki mmoja, simtaji jina, ambaye usingizi wake umetulia mpaka tumeitana ofisini tuuone."

Sekela alitazama ncha za viatu vyake.

Vigelegele vilipasua turubai. Wameipiga Boko! Boko yenye viyoyozi! Mtu alianza kucheza, mwingine akapiga kiti kama ngoma. Stanley akanyanyuka, mkono kifuani.

"Jamani, na mie mnishukuru. Grenda langu ndilo linawabembeleza!"

Walicheka mpaka machozi. Mwenyekiti aliinama kwa Sekela. "Umeona sasa, Mwalimu? Ushahidi ulioutaka ndio huo."

Nyuma yake, Najma muuza vitumbua, ambaye huamka kukanda unga kabla jogoo hajafikiria kuwika, alimgusa bega kwa furaha. "Hatujakuangusha, Mwalimu. Mie nilimvalisha shemeji Talha. Yule hulalaga hata kwenye foleni ya maji!"

"Ulimvalisha Talha? Kura si ilikuangukia wewe?"

"Mie nilale saa ngapi? Ningewaaibisha. Unajua watu wanavyosema, nyumba isiyolala ina madeni au ina jini. Mbona kila nyumba imetoa mtu wake wa nguvu? Kule kona wamemvalisha bibi, yule wanayemwamsha kwa maji."

Ndipo Sekela alipouona mtaa wake kwa macho yote mawili. Kila nyumba ilikuwa imekaa kikao, ikaweka hodari mbele na mchovu ikamtuma kuchota maji. Walikuwa wamefuata somo lake. Hawakuwahi kuwa wanafunzi wazuri kiasi hicho.

Angeweza kunyamaza. Mtaa ulikuwa na furaha, na furaha ya Manzese si kitu cha kumwagia maji ovyo. Lakini pembeni yake Mzee Benedikto alikuwa anapiga makofi na wengine, macho mekundu kwa kukesha, hajui anashangilia nini. Sekela akasimama.

"Aliyevaa kifaa chake mwenyewe, anyooshe mkono."

Mikono michache ilipanda, ikatazamana, ikashuka.

"Mwalimu naye!" sauti ya kiume ililalamika kutoka nyuma. "Tumefaulu, bado unatusahihisha?"

"Hamjafaulu. Mmeibia mtihani, na mie ndiye niliyewafundisha. Dokta, yule mshiriki mliyeitana ofisini kumtazama ni msumari. Upo chumbani kwangu, njoo nikutambulishe."

Kicheko kilianza mahali, kikafia njiani. Zoya aliketi taratibu kwenye kona ya meza.

"Basi siwezi kuyatumia," alisema. "Yote. Nitayaondoa ya Manzese."

"Tupime tena, dokta!" yule wa nyuma akadakia. "Safari hii tutafeli vizuri!"

"Kaka yangu, mtu anayejitahidi asilale naye hanisaidii."

Mwenyekiti alikohoa kikohozi cha kufunga kikao. Kwa kuwa matokeo yamefutwa, alisema, na kwa kuwa hakuna ushahidi wa upande wowote, mambo yabaki kama yalivyo. Sekela alikuwa amesema kweli mbele za watu, na kweli hiyo ikamrudisha pale pale alipoanzia, ila sasa na aibu juu.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Stanley alikuja kumsalimia mzee, kama desturi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, kijana. Wewe mtoto wa nani?"

Stanley alicheka, akidhani anataniwa. Benedikto ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa ndoa. Ndiye aliyesimama naye madhabahuni, na mkewe aliporudi kwao kwa hasira ndiye aliyemfuata na kumrudisha.

"Baba, si mie Stanley?"

"Stanley. Jina zuri. Na unafanya kazi gani, Stanley?"

Cheko likamtoka usoni. Akamgeukia Sekela. "Tangu lini hivi?"

"Tangu masika. Halali, Stanley. Grenda likianza, anaketi kitandani mpaka asubuhi."

"Sasa mbona hukuniambia? Umekwenda ofisini, umeleta madaktari, na mie ukuta kwa ukuta na wewe!"

"Ningekuambia, ungeacha?"

Stanley alikuna kovu mkononi. Alikuwa mtu mkweli. "Ningebisha kwanza," alisema. "Mteja wa Boko hasubiri." Akamtazama mzee, aliyekuwa bado anamtabasamia kwa adabu ya mtu na mgeni. "Basi. Saa mbili usiku nazima. Boko watasubiri."

"Sitaki hisani, mwanangu. Leo umemhurumia huyu kwa kuwa alikusimamia ndoa. Najma hakukusimamia ndoa, na ubongo anao. Iandikwe iwe sheria ya mtaa."

Mwenyekiti, aliyekuwa akipita na funguo za ofisi, alisimama kidogo. "Iandikwe kwa ushahidi gani, Mwalimu?" akauliza, kwa upole kabisa, akaenda zake.

Usiku huo grenda lilizimwa mapema, na Manzese ikasikia vitu ilivyokuwa imevisahau: mtoto anayekohoa nyumba ya tatu, maji yanayodondoka kwenye ndoo, mlio wa panya darini. Sekela alijilaza akisikiliza, akipanga maneno ya kumwambia mwenyekiti kesho, na keshokutwa, na mwezi ujao kama italazimu.

Mzee Benedikto aliinuka akaketi kitandani, akatega sikio.

"Mama Tumaini. Mbona kimya hivi? Nani kafariki?"

"Hajafariki mtu. Stanley amezima mashine ili upumzike."

Mzee alilala tena, akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Stanley ndiye nani?"

Sekela akageuka amweleze, habari ndefu ya harusi na madhabahu na mke aliyerudishwa, akaanzia mwanzo kabisa kama anavyoanza mwalimu. Alipofika kwenye ndoa yenyewe alisikia pumzi za mumewe zimekuwa nzito na ndefu. Alikuwa amelala.