Bido ya Maji Niliyoilinda

Mapera yaliyoiva mpaka yakaanza kuchacha, mimi siyauzi. Soko lote la Kikula linajua: chumvi kwangu, samaki wakavu kwangu, mapera nenda kwa mwingine. Harufu ile ilikuwa mdomoni mwa mdogo wangu Mumba, wiki yake ya mwisho, na nyumbani kwetu hapakuwa na tunda hata moja.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ya shida. Kiwanda kilinyamaza, Baba alikwenda kazini kwa miguu na kurudi bila mshahara, na mabomba ya mtaa yalitoa hewa tu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, shule nimekwisha kuiacha ili nichote maji kisimani. Bido ya njano, lile dumu la kuchotea maji, ilikuwa yangu, na niliringa nayo kama mtu mwenye gari.

Mumba, wa miaka saba, akaanza kukojoa kitandani. Baba, ambaye hata njaa haikumnyima mzaha, alisema katika mji mzima wa Likasi bomba lililobaki na nguvu ni la Mumba. Tulicheka, Mumba naye akacheka. Mama hakucheka sana. Yeye ndiye aliyefua.

Kwetu dawa ya kikojozi ilijulikana: jua likipinda, hakuna kunywa. Mama akaniambia, "Weye uko mukubwa. Ulinde mayi. Hata akilia, usimupe." Nikaikalia bido. Kweli niliikalia, kama kiti.

"Yaya," aliniita hivyo mimi dada yake mkubwa, "mayi kidogo tu. Ya kulowesha ulimi."

"Ya kulowesha mukeka, sema hivyo."

Alikonda, ingawa alikula kuliko sisi sote. Tulisema ni minyoo. Mkojo wake ulipokauka uani, sisimizi walijipanga kuufuata, na shangazi akamtuhumu kwamba anaiba sukari. Sukari ipi, mwaka ule? Siku moja nilimkuta ameinamia beseni la nguo, anakunywa maji ya sabuni. Nilimpiga kwa kandambili, huku najiona mtu anayeijua kazi yake.

Siku mbili baadaye hakuomba tena. Alilala akihema kwa nguvu kama aliyekimbia, na chumba kikanuka mapera. Baba akamweka kwenye baiskeli, Mama akimshikilia, mimi nyuma mbio. Hospitalini muuguzi aliuliza, "Anakunywaka mayi mingi?"

Mama akajibu haraka, kama mzazi anayejua kulea, "Hapana. Tulimukataza. Huyu yaya yake alilinda muzuri."

Muuguzi akanitazama, kisha akalitazama kabati lake la dawa. Lilikuwa tupu. Mumba hakuiona jioni.

Shule sikuirudia. Nilijijenga kwa chumvi, na leo nina wajukuu. Juzijuzi muuguzi mmoja kijana alikuja parokiani kutufundisha ugonjwa wa sukari: kiu isiyokoma, mkojo mwingi, kukonda, pumzi yenye harufu ya matunda. Akasema huwapata hata watoto wadogo. Nikanyoosha mkono.

"Na sisimizi?"

"Ndiyo, mama. Hata sisimizi."

Watu hunifariji kwamba maji yasingemponya, kwamba alihitaji sindano ambayo haikuwepo. Najua. Sikusoma, lakini si mjinga. Maji yasingemponya. Ila angekufa amekunywa.