Mtoto Wangu Hajakula

Wachira, mwenye duka la mbegu pale Eldoret, ni mtu wa wasiwasi. Akifunga duka hurudi kutikisa kufuli mara tatu, na hiyo ni siku njema. Sasa mwambie mtu kama huyo avuke mpaka peke yake na mtoto wa miaka minne! Mkewe Betty alikuwa ametangulia Jinja, Uganda, kwa mafunzo ya kazi, wakakubaliana amfuate na binti yao wapumzike siku tatu. Ilikuwa likizo yao ya kwanza nje ya nchi, na tangu asubuhi Wachira hakuwa ametia kitu mdomoni.

Binti anaitwa Wamucii, jina la mamake Wachira, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu. Kwa kuwa amebeba jina hilo, babake humwita Maitu, yaani mama yangu. Nyanya mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka jana kule Burnt Forest, alimfundisha mjukuu kumwita Wachira "mtoto wangu". Nyumbani kila mtu hucheka akisikia, na hakuna aliyewahi kumkosoa.

Balaa lilianza ndani ya basi, kabla ya kufika Webuye. Mtoto alitapika, tena ndani ya mkoba wenye cheti chake cha kuzaliwa na barua ya Betty ya kumruhusu asafiri na babake. Wachira akapangusa kwa haraka zake, wino wa barua ukaenea wote, na cheti kikachanika. Pale Malaba, mpakani, afisa mmoja mwanamke aliishika ile barua kwa ncha za vidole.

"Hii haisomeki, mzee. Mama ya mtoto ako wapi?"

"Ako Jinja, madam. Wacha nimpigie."

Simu ya Betty ilikuwa imezimwa. Akapiga tena na tena, jasho likimtiririka. Afisa akamwinamia mtoto.

"Unaitwa nani?"

"Maitu."

"Na huyu ni baba yako?"

"Hapana. Ni mtoto wangu."

Watu kwenye foleni wakageuka kutazama. Wachira akaanza kueleza habari za majina, za marehemu mamake, za desturi, ulimi ukigongana na meno. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi wa watoto, na mwenyewe alijua hivyo. Alikuwa ameogopa kufuli, matairi, maji ya kunywa na mbu, lakini hili la kunyang'anywa mtoto wake halikuwa limemjia akilini.

"Kaa kando," afisa akasema. "Mtoto atangoja ndani na sisi mpaka mama apatikane."

Akamshika Wamucii mkono. Mtoto akauchomoa.

"Siendi. Mtoto wangu hajakula."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa kipande cha mandazi kilichoshika nyuzi za sufu, akamnyooshea babake.

"Wachira, kula."

Ilikuwa sauti ya marehemu mamake kabisa, hata mkono mmoja kiunoni. Wachira akakipokea akala palepale, mbele ya foleni nzima, machozi yakimtoka bila haya.

Afisa akachuchumaa. "Huwa anakula akiambiwa?" akamwuliza mtoto.

"Mpaka nikasirike."

Afisa akacheka kidogo. "Basi kaeni kwa ile benchi, pamoja. Lakini hamwendi popote kabla sijaongea na mama yake."

Basi likaondoka na mizigo yao. Baada ya saa nzima simu ikalia, Betty akaongea na afisa, wakagongewa mihuri. Wachira alikuwa angali benchini, mtoto amemwegemea.

"Maitu, na wewe ulikula?"

"Nilikula nusu," akasema. "Hiyo ingine nilikuwekea."